Rekodi za kujifunzia tenzi na zaburi: zipi zinafundisha na zipi ni za kusikiliza tu

Bwana asifiwe wapendwa. Kila kwaya ikipokea waimbaji wapya ombi ni lile lile, "mwalimu nitumie rekodi ya huu wimbo nikajifunze nyumbani", na mimi nimekaa kwenye hii kazi ya kufundisha muda wa kutosha kujua kwamba ukimtumia mtu rekodi yoyote tu iliyotokea ya kwanza YouTube, unaweza ukajitafutia kazi ya mwezi mzima ya kufuta kilichoingia vibaya kichwani. Rekodi nzuri ya kusikiliza na rekodi nzuri ya kujifunzia ni vitu viwili. Hapa nazilinganisha zile ninazozitumia mwenyewe, kwa tenzi zetu za kitabuni na kwa zaburi pia, na nitasema wazi ipi naipa nafasi gani.

Ila kabla hujachagua kwaya, chagua tuni, yaani sauti ya wimbo bila maneno yake. Hili limenitesa, ndo maana naanza nalo. Mwaka wangu wa kwanza kama msaidizi wa mwalimu nilipewa "Yesu unipendaye" niifundishe, nikaingia mtandaoni nikapata kwaya moja inaiimba kwa tuni inayoitwa Aberystwyth ya Joseph Parry wa Wales, tuni ya huzuni hivi, nzito, nikaipenda mpaka machozi. Tukaifanyia mazoezi wiki tatu. Jumapili mpiga kinanda, ambaye hakuwepo kwenye mazoezi, akaanza tuni nyingine kabisa, ile wazee wa usharika wanayoijua tangu utoto, na kanisa zima likaingia naye, sisi tumesimama mbele na sare zetu midomo wazi. Hakuna aliyekosea kwa kweli, maneno hayo yana tuni tatu zinazojulikana sana, kuna Martyn, kuna Hollingside ya John Dykes na hiyo Aberystwyth. Tatizo mimi sikujua kwamba kuna cha kuuliza.

Na sio wimbo huo tu. "Mwamba wenye imara" sisi tumeupokea kwa tuni ya Mmarekani Thomas Hastings, inaitwa Toplady, lakini ukisikiliza kwaya za Uingereza mara nyingi utakutana na tuni ya Richard Redhead ya 1853 inayoitwa Petra, haifanani hata kidogo. "Yesu kwetu ni rafiki" tunaimba kwa tuni ya Charles Converse ya 1868, ila huko Uingereza wapo wengi wanaoiimba kwa Blaenwern, ambayo ni tamu ajabu lakini haitakusaidia Jumapili. Kwa hiyo usitafute kwa jina la wimbo peke yake. Tafuta kwa jina la tuni na mtunzi, mfano "Nicaea Dykes" kwa Mtakatifu Mtakatifu, "Eventide Monk" kwa Kaa nami, utaona matokeo yanavyokuja yamenyooka. Kitabu changu cha Tenzi za Rohoni ni maneno matupu, hakina majina ya tuni, nimeyaandika mwenyewe kwa penseli pembeni ya kila wimbo tulioimba na sasa hiyo nakala siiazimishi mtu.

Haya, tuje kwenye rekodi zenyewe.

Kwaya na waimbaji wa kwetu kwa Kiswahili, dhidi ya kinanda kitupu

Za kwetu zina kitu ambacho hakuna nyingine inakupa, nacho ni maneno. Unasikia silabi inakaa wapi kwenye noti, wapi "u" inamezwa, wapi watu wanavuta. Tukumbuke tenzi nyingi zilitafsiriwa kutoka Kiingereza na Kijerumani, na mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kuna sehemu maneno na tuni vinagombana na waimbaji wetu wameshapata njia yao ya kupita. Hiyo njia huwezi kuipata kwa kusikiliza kwaya ya London. Wale wanandoa wa Rwanda, Papi Clever na Dorcas, wanaorekodi nyimbo za kitabuni kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, nimewapenda kwa sababu wanaimba beti bila haraka na maneno yanasikika yote. Mama yangu mdogo ambaye macho hayaoni tena maandishi madogo amejifunza beti nzima nzima kutoka kwenye simu huku anachambua mchele, na sasa ubeti wa tatu anaujua kuliko sisi tulioshika kitabu.

Udhaifu wake ni kwamba rekodi za kwetu nyingi zimepangwa upya. Anayeongoza anapamba, kinanda kinaweka biti, ubeti wa mwisho wanapandisha kei, yaani wimbo wote unahamia sauti ya juu zaidi, saa nyingine wanaongeza pambio ambalo kitabuni halipo. Kama unajifunza soprano, ile sauti ya juu inayobeba tuni, na una sikio zuri utavuka. Kama unajifunza alto au teno, zile sauti za katikati, humo ndani sauti yako huipati, na ukiipata ni ya mpangilio wao wao sio ya kitabu.

Kinanda kitupu ni kinyume chake. Hakikupi neno hata moja lakini kinakupa wimbo kama ulivyoandikwa. Hapa nawapendekezea rekodi za SmallChurchMusic, kazi ya Clyde McLennan wa Australia, MP3 za bure za nyimbo za kanisa zisizo na mwimbaji, zilitengenezwa kwa ajili ya makanisa madogo yasiyo na mpiga kinanda. Zipo nyingi mno, na kwa wimbo unaojulikana unaweza kukuta umepigwa kwa ogani na kwa piano pia. Ukiwa na chaguo, kwa kujifunza chukua piano. Ogani inashikilia sauti, noti za katikati zinaungana zinakuwa kama ukuta mmoja, wakati piano kila noti inagongwa na unasikia alto imehama lini na teno imebaki wapi. Ogani utaihitaji baadaye, ukishajua, kuzoea kuimba juu ya mlio mkubwa bila kuyumba. Angalia kitu kimoja tu, idadi ya beti: wao wanapiga beti kwa hesabu ya Kiingereza na kitabu chetu kinaweza kuwa na pungufu au zaidi, usije ukaiwasha ibadani ikaisha wakati watu wamebakiza ubeti.

Kati ya hizo mbili, kwa mtu anayeanza kabisa, natoa zote mbili kwa mpangilio: siku mbili za kwanza ya Kiswahili ili wimbo ukae moyoni, halafu ya Kiswahili weka pembeni kabisa, baki na piano na kitabu.

Rekodi za sauti moja moja

Hizi ndo zile sauti yako imeinuliwa juu na nyingine tatu zinasikika kwa mbali, au sauti yako peke yake. Kwa alto na teno hakuna kinachozishinda kwa kasi ya kufundisha. Nimewahi kuwa na kijana wa teno aliyekuwa anahamia soprano kila ikifika kibwagizo, miezi, akapewa rekodi ya teno tupu ya Nicaea, baada ya wiki mbili alikuwa anatembea peke yake.

Lakini nyingi zimetengenezwa na kompyuta, hazina pumzi, na mtu akizizoea anaimba kama mashine, kila noti uzito sawa, hapumui mwisho wa mstari. Halafu sauti nne zinatofautiana kitabu na kitabu hata kama tuni ni ile ile, besi, yaani sauti ya chini kabisa, ya kitabu cha Wamarekani sio lazima iwe besi ya nakala yetu ya sol-fa, zile noti zinazoandikwa kwa herufi d r m f s l t. Kwa hiyo hakiki kabla ya kumtumia mtu. Chukua sol-fa yako, imba mstari wa kwanza polepole na rekodi. Nicaea soprano inaanza d d m m s s halafu inapanda l, hiyo ni ile ile kila mahali, ila shuka kwenye besi usikilize noti kwa noti. Zikitofautiana hata sehemu mbili mimi naiacha, maana kumfundisha mtu halafu kumwambia "hapo na hapo usifuate" ni kumchanganya.

Jambo dogo la vitendo ila limeokoa besi zangu wengi: spika ya simu haitoi sauti za chini vizuri. Mtu wa besi anasikiliza kwenye spika, anasikia kivuli tu cha noti, anaimba kivuli hicho okteva ya juu na anaamini yuko sawa. Mwambie atumie earphone. Na kama inakimbia, YouTube ukiingia kwenye mipangilio unaweza kupunguza spidi mpaka 0.75 na kei haishuki.

Kwaya kubwa za Uingereza dhidi ya rekodi za usharika wa kawaida

Hapa watu watanipinga ila nitasema. Kwaya ya King's College ya Cambridge ni hazina, na mimi naisikiliza karibu kila Jumapili jioni. Lakini kwa kujifunzia ina mitego. Wa kwanza ni ubeti wa mwisho. Kwenye utamaduni wao, na David Willcocks aliyeongoza kwaya hiyo kuanzia 1957 mpaka 1974 ndiye aliyeueneza sana, ubeti wa mwisho ogani inabadilisha kabisa sauti za chini, wanaume wanaimba tuni wote pamoja, na soprano baadhi wanaruka juu na tuni nyingine ya mapambo. Inainua roho kweli kweli. Ila ukiwa alto ukajifunza ubeti huo utakuwa umejifunza kitu ambacho kwenye kitabu chako hakipo. Wa pili, soprano zao ni watoto wa kiume na alto kwa desturi ni wanaume wanaoimba kwa sauti ya juu, kwa hiyo akina mama wetu wa alto wanatafuta rangi ya sauti yao humo hawaipati, wanadhani wao ndo wanakosea. Tumia hizi rekodi kujifunza matamshi ya pamoja, kupumua, kumaliza mstari kwa upole, na sikiliza beti za kati tu kwa sauti nne.

Rekodi ya usharika wa kawaida, hata ya simu iliyowekwa kwenye benchi, yenye mtoto analia, inakupa kitu kingine: spidi halisi ya watu wanaoimba na mahali wanapopumua. Kwaya inaweza kwenda na ubeti mzima kwa pumzi za kupokezana, kusanyiko la watu mia mbili haliwezi. Ukifundisha kwaya kwa spidi ya studio halafu ukaja kuongoza watu, utakuwa unavutana nao mpaka amina.

Kwa Walutheri wenzangu hapa kuna habari ya ziada. Sisi tunazo nyimbo za Kijerumani kwenye kitabu chetu cha Mwimbieni Bwana kwa sababu ya historia, Wamisionari wa Berlin waliingia nyanda za juu kusini 1891, wa Leipzig wakafika Kilimanjaro 1893, wakaja na nyimbo zao. Sasa nyimbo hizo zina namna mbili za mwendo. Ule wa Luther wa Mungu ngome yetu, unaotoka Zaburi 46, zamani ulikuwa na mwendo wa kurukaruka, noti ndefu na fupi zimechanganyika. Baadaye makanisa yakaunyoosha, noti karibu zote urefu mmoja, na Bach aliukuta umenyooshwa. Rekodi zipo za namna zote mbili. Imba mstari mmoja kutoka kitabuni kwako ujue una ipi, maana ukichukua ya kurukaruka ukawapeleka watu wa mwendo ulionyooka, mpiga ngoma hatasaidia. Helmuth Rilling alirekodi nyimbo za sauti nne za Bach kwa wingi na kwaya yake ya Gächinger Kantorei, zimepangwa kwa vipindi vya mwaka wa kanisa, na soprano inasikika safi sana. Lakini sauti za chini za Bach zina noti za kupita nyingi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza usimpe, mpe aliyezoea.

Na zaburi je?

Hapa ndo moyo wangu uko siku hizi. Makanisa mengi kwetu zaburi tunaisoma kwa kupokezana, mchungaji mstari, watu mstari, tunaketi. Kuimba zaburi yenyewe ni kitu tulichokiacha na rekodi zipo za kutusaidia, kwa njia tatu tofauti kabisa.

Ya kwanza ni ya Geneva. Zaburi zote 150 zilitiwa kwenye mashairi ya Kifaransa na kukamilika 1562 wakati wa Calvin, kila moja na tuni, ingawa baadhi zinashirikiana tuni. Ile tuni tunayoimbia sifa ya Baba Mwana na Roho, Old Hundredth, ilitoka humo, 1551, ikiwa ya Zaburi 134, Waingereza ndo wakaihamishia Zaburi 100. Rekodi utakutana na sauti nne za mtunzi Mfaransa Claude Goudimel, nzuri na rahisi, ila ujue kwamba kwenye sehemu kubwa ya zile rahisi tuni yenyewe iko kwenye teno sio juu. Nimeona mtu anajifunza soprano ya Goudimel siku nne akidhani ndo wimbo. Ukikuta za Sweelinck, mtunzi wa Uholanzi, hizo ni za kusikiliza tu, sauti zinafukuzana kama samaki, hutajifunza tuni humo. Na za makanisa ya Uholanzi zina mwendo wa namna mbili pia, wapo wanaoimba noti zote ndefu polepole mno na wapo wanaofuata mwendo wa zamani. Kwa mwanafunzi, chukua ya mwendo wa zamani, ile ndefu inachosha pumzi kabla hujashika tuni.

Ya pili ni ya Waskoti. Kitabu chao cha 1650 kina zaburi nyingi sana kwenye kipimo kimoja cha silabi nane, sita, nane, sita. Uzuri wake ni kwamba ukijua tuni kumi za kipimo hicho umefungua mlango wa zaburi kibao, unabadilisha tu. Zaburi 23 kwa tuni ya Crimond ndo maarufu zaidi, hasa tangu ilipoimbwa kwenye arusi ya binti mfalme Elizabeth 1947. Kwa kujifunza sauti nne bila kinanda, hakuna ninachokipendekeza kuliko rekodi za Crown & Covenant za Wapresbiteri wa Marekani wanaoimba zaburi bila ala yoyote, kwa sababu hakuna ogani ya kujificha nyuma yake, hakuna mapambo ya mwisho, sauti nne tu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ukitaka kusikia kitu cha kukusimamisha nywele sikiliza zaburi za Kigaeli za kisiwa cha Lewis, mmoja anatoa mstari na watu wanamfuata kila mmoja kwa mapambo yake, kama mawimbi. Hiyo sio ya kujifunzia, hata ujaribu vipi.

Ya tatu ni ya Waanglikana, na hii ndo nadhani inatufaa sisi kuliko zote mbili. Sababu ni moja, haihitaji shairi. Njia ya Geneva na ya Skoti inadai mtu akae atunge zaburi upya kwa vina na mizani. Ya Waanglikana inachukua maneno kama yalivyo kwenye Biblia, silabi nyingi zinaimbwa kwenye noti moja halafu noti chache zinahama mwishoni. Chukua "Bwana ndiye mchungaji wangu". Mimi naiweka hivi: "Bwana ndiye mchu" yote kwenye noti ya kwanza, "nga" na "ji" kwenye mbili zinazofuata, na "wangu" nzima kwenye ya mwisho, ili mkazo wa "nga" na wa "wa" ukae mahali penye uzito. Jaribu hata kwa noti ulizozibuni mwenyewe, utashangaa Biblia yetu inavyokubali. Rekodi ya kujifunzia njia hii ni ya kwaya ya St Paul's ya London ikiongozwa na John Scott, wamerekodi zaburi zote kwa juzuu 12. Usijaribu kushika maneno yao ya Kiingereza, sikiliza jinsi wanavyosema maneno, yaani wanaongea kwenye noti, hawakimbizi silabi kwenye noti ya kwanza ili wawahi za mwisho. Hilo ndo kosa la kila anayeanza. Zaburi moja kwa wiki inatosha, na anza na fupi, 117 ina mistari miwili tu.

Sasa mtu akiniuliza nichague moja tu kwa kwaya isiyo na bando, isiyo na muda, nitamwambia arekodi yake. Tulifanya hivyo mwaka jana. Tuliwakalisha wazee wanne wanaojua, mmoja kila sauti, kwenye chumba cha nyuma ambako ukuta haurudishi mwangwi, simu juu ya kiti kimefunikwa kitenge, kila mmoja peke yake. Wimbo mmoja faili nne, tukazituma kwenye kundi la WhatsApp la kila sauti. Hakuna kosa la tuni hapo, hakuna kei ya kigeni, na vijana wanaimba pumzi kama wanavyopumua watu wetu. Ya besi tuliyonayo ya "Cha kutumaini sina", mzee anataja kwanza namba ya wimbo, anatoa d kwa mdomo uliofungwa, anaimba ubeti mara mbili bila kubadilisha kitu, halafu kabla simu haijazimwa unamsikia anasema polepole, "rudia hapo kwenye s ya chini, usiogope".